Jembe Nililolisimamisha

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu nilijua mambo mawili kuhusu jembe. La kwanza, ukilisahau shambani mvua ikalinyeshea, Bibi hakuulizi mara mbili, anachukua fimbo. La pili, jembe halisimami mlangoni ila pana msiba. Kijijini kwetu mtu akizikwa, wachimba kaburi walirudi na jembe moja kati ya yale waliyochimbia, wakalisimamisha ukutani kando ya mlango wa marehemu, mpini ukiangalia juu, udongo wa kaburini ukiwa bado umeganda. Lilikaa hapo mpaka matanga yalipoanuliwa. Siku nyingine zote jembe lililazwa, uvunguni au darini, na mtoto aliyelisimamisha mlangoni kwa kucheza alizabwa kofi na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu. Walisema anaita.

"Anaita nini?" nilimuuliza Bibi siku moja.

"Simamisha uone kitakachoitika," alisema, akaendelea kupepeta ulezi wake.

Mimi nilisimamisha. Halikuwa jembe lenyewe, lakini kwa watu wa kijiji chetu hilo halikuleta tofauti yoyote. Nimefika umri wa kuitwa bibi mwenyewe ndipo ninaweza kulisimulia jambo hili bila kuomba maji ya kunywa katikati.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye nyumba zetu zilizotawanyika mabondeni, kila ukoo na kilima chake, tukapangwa kwa safu kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kutoka Ilula. Nyumba zilikaribiana hata jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Wakubwa walinung'unika. Sisi watoto tulifurahi, maana marafiki sasa walikuwa mlango wa pili. Hakuna aliyetuambia kwamba surua nayo inapenda majirani. Kiangazi kile iliingia safu ya kwanza, ikavuka njia, ikaingia safu ya pili.

Niliishi kwa Shangazi Agata, dada yake baba, pamoja na Bibi, mama yao. Wazazi wangu walikuwa Mbeya, baba akifanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Shangazi alikuwa Bibi Maendeleo, ndivyo walivyoitwa wanawake wale wa serikali waliopita vijijini kwa baiskeli wakiwafundisha akina mama habari za vyoo, maji ya kuchemsha na uji wa watoto. Jioni aliongoza darasa la kisomo cha watu wazima. Mumewe, dereva wa lori, alikufa kwenye miteremko ya Kitonga kabla hawajapata mtoto. Shemeji yake alipokuja kutaka kumrithi, Shangazi alimpikia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsindikiza hadi kituo cha basi. Jambo hilo watu hawakulisahau. Mjane wa miaka thelathini na kitu, ana baiskeli, ana mshahara, hayuko chini ya mwanamume! Kulikuwa na watu waliomwamkia "Kamwene, mama" kwa heshima zote na kumcheka baiskeli ilipokata kona.

Mwaka ule wa uchaguzi jina lake lilipelekwa juu, likarudi limepitishwa. Wasioyakumbuka mambo ya siku zile niwaeleze kidogo. Chama kilikuwa kimoja, na kila jimbo lilipewa majina mawili tu ya wagombea ubunge. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mgombea mmoja alipewa alama ya nyumba, mwenzake alama ya jembe, na mpiga kura aliweka alama yake chini ya picha aliyoipenda. Mpinzani wa Shangazi, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya pama aliyewahi kuwa karani wa baraza, alipata nyumba. Shangazi akapata jembe.

Utani ulianza siku hiyohiyo. "Hata Chama kinajua bwana! Mwanamume kapewa nyumba, mwanamke kapewa jembe, aende akalime."

Haikuruhusiwa mgombea kujifanyia kampeni peke yake. Walizungushwa wote wawili na Katibu wa Chama kwenye Landrova moja, wakazungumza jukwaa moja, kwa zamu. Nilihudhuria mkutano mmoja hapo karibu. Bwana mmoja alinyanyuka akauliza, "Sasa wewe mama ukishaenda huko Dar es Salaam bungeni, huku nyumbani nani atapika?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi alisubiri kiishe.

"Wewe hapo umeshakula leo?"

"Nimekula."

"Aliyekupikia yuko wapi?"

Yule bwana akageuka kumtafuta mkewe. Mkewe alikuwa amekaa kwenye nyasi mbele kabisa, kamkazia macho Shangazi. Kicheko kikahamia upande wa pili. Nilijivuna siku ile utadhani jibu lile nililitoa mimi.

Lakini mimi niliyaona nyumbani yale ambayo mkutano haukuyaona. Alifika nyumbani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Usiku alitapika. Asubuhi alipiga pasi gauni lake la bluu kwa makaa, akapanda Landrova akiwa anatabasamu.

"Wanaume wakinizomea naweza, mama," alimwambia Bibi. "Wanawake wakiinamisha macho ndiyo inaniua."

"Basi acha."

"Siachi."

Jioni moja alirudi amechoka hata hakuvua viatu. Wanawake wa darasa lake la kisomo walikuwa wamemzunguka njiani, wamemshika mikono, wamemwahidi kura, na mmoja wao akamuuliza mwishoni, hivi mwalimu, wewe ni nyumba au wewe ni jembe? Akalisimulia hilo huku akikoroga mboga, akacheka kidogo, kisha akawa hacheki. "Wangekuwa wanaliona jembe langu kila asubuhi wakifungua mlango," akasema, "wasingesahau."

Aliiambia sufuria maneno hayo. Mimi ndiye niliyeyachukua.

Jumamosi iliyofuata mkutano ulikuwa kwetu, kwenye kiwanja cha shule. Kijiji kizima kilikwenda. Mimi niliachwa kuangalia maharage. Nilipohakikisha hakuna mtu njiani, nikachukua vipande vitatu vya mkaa jikoni na kile kikaratasi cha Chama chenye picha mbili, nikaanza na nyumba ya jirani yetu, Mama Desderi.

Milango yetu ilikuwa ya mianzi, mkaa haukushika, kwa hiyo nilichora ukutani, kando ya mlango, kwenye udongo mwekundu uliosiribwa vizuri. Kwenye karatasi ya Chama jembe lilikuwa limelala. Nikajaribu kulichora limelala, lakini nafasi kati ya mlango na kona ya nyumba ilikuwa nyembamba, mpini ukawa mfupi kama wa kijiko. Nikafuta kwa kiganja. Nikalisimamisha.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikumbuka. Nilikumbuka. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa mtoto sikujua nilifanyalo, lakini nilisita, mkaa ukiwa umegusa ukuta, nikamsikia Bibi vizuri kabisa. Halafu nikajiambia kwamba mwalimu wetu amesema hizo ni imani za zamani, kwamba Shangazi mwenyewe huwa anasema hivyohivyo darasani, na kwamba picha haiwezi kuchimba kaburi. Nikachora. Lilitoka jembe zuri sana, na nyumba ya pili lilitoka zuri zaidi. Nilimaliza safu yetu yote, milango kumi na mmoja, nikaruka wa kwetu kwa kumwogopa Bibi. Niliporudi maharage yalikuwa yameungua.

Walirudi jua likielekea kushuka, wakiimba. Wimbo ulikatika ghafla. Nilichungulia nikamwona Mama Desderi amesimama mbele ya nyumba yake, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mchangamfu aliyejua kuandika jina lake tangu mwaka ule tu, na aliliandika kila mahali, hata kwenye majivu. Shangazi ndiye aliyemfundisha. Desderi, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka miwili, na tangu jana yake macho yalikuwa mekundu na mwili wa moto. Mama yake hakupiga kelele. Alipeleka mkono nyuma akaishika miguu ya mtoto, yote miwili. Kisha akavua kilemba, akaanza kusugua ukuta. Mkaa haukutoka. Ulisambaa tu.

"Nani ameniandikia hii kitu?" aliuliza. "Jamani, nani? Nimemkosea nini?"

Mbele zaidi kwenye safu sauti nyingine zilikuwa zimeanza kuuliza vilevile.

Desderi alifariki siku ya tatu. Surua ilikuwa imeshawachukua watoto wa safu nyingine kabla ya mkaa wangu, na iliwachukua wengine baadaye ambao milango yao sikuigusa. Haya niliyajua ukubwani na yalinisaidia kidogo. Siku ile nilichoona ni wachimba kaburi wakirudi na jembe lao, jembe la kweli, wakilisimamisha kando ya mlango wa Mama Desderi, juu ya lile doa jeusi palepale.

Mkutano uliitishwa ofisi ya kijiji kesho yake asubuhi. Alikuja Mwenyekiti wa kijiji, akaja Katibu wa Chama na mafaili yake, akaja na yule mzee wa nyumba na kofia yake ya pama. Katibu alisema kuchora alama ya mgombea majumbani ni kuvunja taratibu, akauliza nani amefanya kampeni ya peke yake. Mzee mmoja wa safu yetu hakumwacha amalize.

"Mimi hayo mambo ya kampeni sijui. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Kwenye karatasi yenu jembe limelala. Huyu kalisimamisha. Mtu anayelisimamisha kwa mkono wake anajua anaita nini. Basi atajwe. Aoshwe dawa hapa mbele ya watu, na jina lake lijulikane, watoto zetu wasipite mlangoni pake mpaka anakufa."

Nilikuwa nimekaa karibu na Bibi, mikono yangu nimeikalia. Bibi aliuvuta mmoja taratibu. Siku nne nilikuwa nimeusugua kwa mchanga, lakini chini ya kucha weusi haukuisha. Akautazama. Akaufunika ndani ya mkono wake, akaubana mpaka vidole vikauma, naye akiangalia mbele. Nilipoinua macho nilikutana na macho ya Shangazi.

Alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu ile jioni aliyokuta maharage yameungua, akayala bila kusema neno. Alinitazama muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, kisha akasimama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ulikuwa jukwaani," alisema Mwenyekiti. "Tulikuwa tunakuona."

"Maneno ya kulichora yalitoka kwangu. Kwa hiyo ni mimi."

"Ulimtuma nani?"

"Nimeshajibu, Mwenyekiti. Ni mimi."

Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema, wala hakuinua sauti, "Lilishasimama kwake, likamchukua mume. Sasa anatugawia." Watu waliguna. Bibi akazidi kunibana.

Walimwambia aoshwe dawa, mambo yaishe. Bibi naye akamsihi, tena kwa Kihehe, kwa yale maneno ya mama anapomwomba mwanawe ale. Nadhani angekubali ingemsaidia, watu wetu hawakuwa na roho mbaya na walipenda jambo lipate mwisho. Lakini alisema kuta atazisiriba upya zote kwa mikono yake, dawa hataoga. "Mtoto amekufa kwa surua. Nikioga dawa leo, kesho mwenye mtoto mgonjwa hatampeleka zahanati, atakuja kutafuta nani kachora. Hilo sifanyi, hata mkininyima kura."

Mama Desderi alikuwa amekaa chini, amefungwa khanga kiunoni kama mfiwa. Alimwangalia Shangazi. "Agata," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita mwalimu. "Mimi nilikuwa nakupa."

Basi, hilo tu. Akanyanyuka akaenda kwake.  Yule mzee mpinzani alivua kofia Mama Desderi alipompita, akaivaa tena. Hakuhitaji kufanya zaidi ya hapo.

Shangazi alisiriba kuta kumi na moja. Nilimchotea maji. Katika nyumba ya tatu wenyewe walitoka wakaondoka wasimwone akifanya. Jumapili ya uchaguzi alivaa gauni la bluu, akapanga foleni na wenzake, na nafasi mbele yake na nyuma yake ilikuwa pana. Kura zilipohesabiwa, tulisikia kwamba vijiji vya mbali ambako habari ya mkaa haikufika walimpa kwa wingi. Kijiji chetu ndicho kilichomwangusha. Nilikuwa kwenye kizingiti Katibu alipokuja kumweleza, naye alishukuru, akamkaribisha chai.

Hakukaa mwaka. Akipita na baiskeli, akina mama waliingiza watoto ndani. Aliomba uhamisho, tukahamia Kihesa, mjini Iringa, ambako nilisoma mpaka nikawa mwalimu. Miaka ikaenda. Nilizoea kuwasimulia watu habari za Shangazi yangu mkarimu aliyechukua lawama ya mtoto, na za kijiji chenye imani za giza. Ilikuwa simulizi nzuri. Ilinipendeza hasa kwa kuwa ndani yake mimi nilikuwa mdogo sana na hakuna aliyenidai neno.

Halafu zikaja siku ambapo walimu wenzangu walinifuata wakitaka nigombee udiwani wa kata yetu. Nilichukua fomu, nikaenda nayo kwa Shangazi. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini kichwa chake hakikupotea hata dakika moja. Nikamwambia habari ya fomu, na katika kumwambia nikajikuta nimeanza kulia na kuomba radhi ya lile jambo la zamani, kwa mara ya kwanza. Akanisubiri nimalize.

"Shangazi, wewe hukuwahi kunikasirikia?"

"Nilikukasirikia, Vero."

Nilitegemea neno jingine.

"Miaka minne. Nakusuka nywele nimekukasirikia. Nakununulia madaftari nimekukasirikia. Nakuombea jioni, nakutaja jina, bado nimekukasirikia. Kuna siku nilikuwa nasikia unavyotafuna tu, natoka nje."

"Hukuonyesha."

"Ungeifanyia nini hasira yangu? Ulikuwa mtoto." Akatafuta mkono wangu kwa kupapasa. "Ule ubunge mimi niliutaka. Watu wanapenda kusema niliuachia. Sikuuachia. Niliutaka sana, na mpaka leo nikisikia Bunge redioni kuna sehemu inaniuma. Kosa langu ni moja, kila jukwaa nilisimama nikasema akina mama wamenisukuma. Niliona aibu kusema nautaka. Kwa hiyo ubunge ulipoondoka, hakuna aliyejua nimepoteza kitu. Hata nyie wa ndani. Wewe kama unautaka huo udiwani, sema unautaka."

Nikamwambia nimesikia. Nikarudi nyumbani, nikaiweka fomu ndani ya Biblia ili isikunjike.

Nimewaza sana juu ya maneno yale. Nilikuwa nimebeba kifo cha Desderi ambacho hakikuwa mzigo wangu, na kwa kukibeba kile nikapata kisingizio cha kutobeba kilichokuwa changu. Sikumwua mtoto wa mtu. Nilimnyima mwanamke mmoja kitu alichokitaka kuliko vyote, nikala ugali wake miaka yote hiyo nikidhani hakimuumi.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu nilikaa sebuleni nimevaa tayari, pochi mapajani. Nilikuwa naitaka nafasi ile. Nilimfikiria yule atakayeuliza habari za mume wangu, na yule atakayekumbuka kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na jambo fulani, na wanawake watakaoinamisha macho. Saa kumi, mwisho wa kupokea fomu, ikapita. Nikavua viatu.

Shangazi aliniuliza mara moja tu, wiki chache kabla hajafariki. "Ulirudisha?"

"Bado," nikasema.

Alijua maana ya bado. Aliniomba nimfungulie dirisha, nikamfungulia, na hatukulizungumza tena. Yeye walimnyang'anya ubunge mbele ya kijiji kizima, naye aliendelea kuutaka mpaka mwisho wake. Mimi hakuna aliyenizomea, hakuna hata aliyejua. Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe mchana kweupe, nikajinyima.